Mashua ya Babu imekaukia Moshi: tuizibe, tuiloweke au tuiache?

"Shikamoo fundi. Sisi ni klabu ndogo ya watu wa matanga hapa Moshi, mwishoni mwa wiki tunashuka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwaka jana tulifiwa na mzee wetu, mtu wa Pangani aliyehamia huku ujanani. Wengi wetu ndiye aliyetufundisha kushika demani, ile kamba ya kuvutia tanga, na kufunga mafundo, na tulimwita Babu hata sisi wenye wajukuu. Ameacha mashua yake ya mbao, ya mita 5, iliyokaa miaka minne kwenye banda la bati nyuma ya nyumba yake kwa kuwa miguu ilikuwa inamsumbua. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ni mwezi wa kumi, miezi mitatu ijayo. Tunataka tuipeleke bwawani, tuitweke tanga lake, halafu tuirudishe mjini iwekwe mbele ya klabu kama ukumbusho, na kila mwaka tufanye hivyo. Tatizo mbao zimeachana, kuna mahali sarafu ya shilingi 200 inapenya. Fundi wa faibaglasi anasema tuivike yote kwa resini itadumu milele. Mwenzetu anasema tuijaze maji kama tenki wiki nzima, itajifunga yenyewe. Mwingine ameshaleta ndoo ya oili chafu. Binti wa marehemu anasema isiguswe kabisa. Nimeambatanisha picha sita. Tufanye nini?"

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Picha nimezitazama zote, ile ya nne zaidi ya mara moja, na nitaieleza mbele. Swali lako limebeba maswali mawili. Mnauliza mashua izibwe vipi, lakini kinachowagombanisha ni kwamba hamjakubaliana itakuwa nini baada ya siku hiyo: chombo au kumbukumbu ya kutazamwa. Nianze na mbao, maana zenyewe zitaamua nusu ya ugomvi wenu, kisha nimrudie huyo binti. Kwa maoni yangu ameona jambo ambalo ninyi wengine limewapita.

Kuachana kwa mbao peke yake si ugonjwa. Mashua imekauka tu. Ubao ukikaa majini hunywa maji ukanenepa, ukitolewa huyatoa ukakonda, na unene huo huongezeka na kupungua kwa upana; kwa urefu ubao hausogei kiasi cha kuonekana. Chukua ubao wa upana wa sentimita 15. Ukipungua asilimia 2 tu, umepoteza milimita 3. Ubavu wenye mbao nane za namna hiyo umepoteza milimita 24, na ndiyo maana mkisimama ndani ya mashua mnaona jua la nje. Kule Pangani mashua ililala majini, na hata ikipandishwa ufukoni hewa yenyewe ina unyevu. Kwenu ilikaa chini ya bati, na bati la Moshi mwezi wa pili ni kama kikaango kilichofunikwa juu yake. Aliyeiunda aliijua tabia hiyo ya mbao. Kila mwanya aliuacha wazi kidogo upande wa nje, akaushindilia kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya, akitegemea kwamba ubao ukivimba utaibana pamba na maji hayatapita. Mashua ya namna hii inajiziba kwa kuvimba. Msifanye lolote litakaloizuia kuvimba.

Kwa hiyo resini hapana. Fundi wenu hawadanganyi, kazi yake ni nzuri kwa boti iliyoundwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo, mathalani ya plaiwudi mpya, kavu na safi. Mbao za Babu zimekunywa mafuta na chumvi kwa miaka mingi, na resini haishiki vizuri juu ya mafuta. Hata ikishika, ganda la faibaglasi halinenepi wala halikondi, ilhali ubao ulio chini yake utaendelea na mambo yake. Vitaachana. Siku ganda likipata mkwaruzo mmoja, maji baridi ya bwawa, yaani yasiyo na chumvi, yatapenya katikati na hayatapata pa kutokea, na ubao uliofungiwa gizani na maji baridi ndiyo karamu ya ukungu unaoozesha. Mtabaki na boti inayong'aa nje, ndani unga.

Simenti, bodi fila na gundi yoyote inayokuwa ngumu zina kosa jingine. Ukiujaza mwanya sasa hivi ulivyo mpana, ubao ukivimba utakosa pa kwenda. Kitu kimojawapo kitashindwa: kingo za mbao zitabonyea, au misumari itang'olewa, au taruma, ule mti wa ndani unaoshikilia mbao za ubavu, litapasuka. Na kingo zilizobonyea hazirudi, kwa hiyo mashua ikikauka tena mianya itakuwa mipana kuliko leo.

Huyo wa kujaza maji ana ukweli nusu. Kulowesha ni sawa, kuifanya tenki ndiko kubaya. Mashua ya mita 5 mkiijaza kiasi tu, hamkosi lita 1,500, yaani tani moja na nusu ikisukuma kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa majini, maji ya nje huusukuma ubavu urudi ndani. Juu ya magogo hakuna kinachousukuma, mzigo wote unaning'inia kwenye misumari yenye kutu. Hufunguka palepale mbao za chini zinapokutana na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, na hapo hapazibiki kwa siku moja.

Oili chafu irudisheni gereji. Haiingii ndani ya ubao kiasi cha kuulinda, inafanya pamba na shahamu (mafuta ya mnyama ya kupaka mashua) visishike, inaacha weusi usiotoka, halafu mtaipeleka kwenye maji ambayo watu wanavua na kunywesha ng'ombe.

Kabla ya tone la kwanza la maji, ipimeni. Picha ya pili inaonyesha bati lina tundu juu ya tezi, yaani upande wa nyuma, na chini yake, kwenye ngama, sehemu ya chini ndani ya mashua, kuna majani meusi yaliyogandamana. Maana yake mashua hii ina matatizo mawili yaliyo kinyume: omo, yaani upande wa mbele, imekauka hadi kupasuka, tezi imekuwa ikinyeshewa maji ya mvua kwa miaka minne. Ya omo ni rahisi. Ya tezi ndiyo inayonitia wasiwasi. Toeni majani yote, fagieni, kisha mshike bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gongeni kila kiasi cha shibiri moja kando ya mkuku, kwenye miguu ya mataruma na kwenye ubao wa nyuma unaobeba usukani. Ubao mzima hulia kavu na nyundo huruka, uliooza hutoa sauti butu. Penye sauti butu sukumeni bisibisi kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama chini ya milimita 5, huo ni ulaini wa juu. Ikizama zaidi kwenye mkuku, au kwenye mataruma matatu na kuendelea, mashua hiyo isibebe mtu.

Kwenye nguzo ya banda, picha hiyohiyo, kuna mstari wa udongo unaopanda. Ni mchwa. Wavunjieni njia, muinyanyue mashua juu ya matofali, na muangalie kama wameshaufikia mkuku. Angalieni pia vitundu vidogo kama ncha ya pini kwenye mbao za chini, urithi wa baharini. Mnyoo wa baharini huingia akiwa mdogo sana na kukulia ndani, kwa hiyo nje utaona kitundu cha pini na ndani ukakuta mfereji wa unene wa kidole, umepakwa kitu cheupe kama chokaa. Mnyoo mwenyewe alishakufa zamani, lakini ubao aliouacha unaweza kuwa mtupu kama mwanzi. Nyundo itawaambia.

Na kile kiraka cha bati la kopo la maziwa ubavuni, alichokipigilia mwenyewe kwa misumari midogo iliyopangwa kwa mstari ulionyooka ajabu: kibandueni taratibu mwone chini yake, kwa sababu bati hutunza unyevu na chini yake huoza kimyakimya. Kama ni pazima, kirudisheni kilekile mahali palepale. Msimnunulie Babu bati jipya.

Mashua ikifaulu vipimo, ndipo mloweshe. Iwekeni kivulini, imelala juu ya mkuku kwenye magogo matatu, na pembeni iegemee magunia ya mchanga ili isilale upande. Fungueni kizibo cha chini kama kipo. Tandazeni magunia ya katani au ya juti ndani na nje, yashike mbao vizuri, kisha muyamwagie maji asubuhi, mchana na jioni. Maji hayo yatieni chumvi, gramu 700 kwa ndoo ya lita 20, karibu sawa na bahari, kwa sababu chumvi huwazuia ukungu wasioteshwe na unyevu wenu. Ni kweli chumvi huila misumari ya chuma, ila hiyo imeishi baharini na wiki mbili hazitaongeza kitu. Funikeni yote kwa turubai usiku na mchana. Msiharakishe. Siku mbili tatu za kwanza hamtaona badiliko, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakaleta mpira wa maji. Ubao ukinyweshwa ghafla upande mmoja hujikunja. Chagueni mianya sita, iwekeeni alama ya chaki, na kila baada ya siku mbili mpitishe sarafu ileile. Mwanya mwingi utakuwa umeikataa sarafu kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne.

Utakaobaki wazi ndio wa kutia kalafati. Kwangueni pamba kuukuu iliyooza kwa ndoano ya waya mgumu, si kwa msumeno, msiile kingo za ubao. Pamba mpya isokoteni kuwa uzi mnene kuliko mwanya kidogo, ichovyeni kwenye mafuta ya nazi, ikamueni, kisha muisindike kwa chembeu, ile patasi butu ya kalafati. Hapa mikono yenye nguvu ndiyo hatari. Pamba inatakiwa ikae, isishindiliwe hadi ubao ulie, kwa kuwa bado mbao zina kuvimba mbele yao. Ukiona pamba inatokea upande wa ndani, umeipigilia kupita kiasi au mwanya hauna umbo la kuibana, na hilo la pili ni kazi ya fundi.

Juu ya kalafati na sehemu yote itakayokaa majini pakeni shahamu. Mafuta ya ng'ombe yapo kila bucha hapo mjini. Yeyusheni kilo 2 kwenye sufuria juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, epueni, kisha mkoroge chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji na kuchekechwa, mkianza na kilo 1 na kuongeza kidogo kidogo hadi ishike kama siagi ya baridi. Chokaa ambayo haijazimwa ina moto wake na itawaunguza mikono, msiitumie. Shahamu hubaki laini, ubao ukivimba inasukumwa nje bila ugomvi. Ziada mtaifuta kwa kitambaa.

Sasa nirudi kwa binti.

Mpango wenu wa kuitoa kila mwaka, kuilowesha, kuitweka tanga, kisha kuirudisha Moshi ikauke miezi kumi na moja, utaiua mashua hii haraka kuliko kuiacha bandani. Kila mzunguko wa kuvimba na kukauka unazilegeza mbao kwenye misumari na kubonyeza kingo zaidi. Mashua ya mbao hupenda kubaki katika hali moja. Inaweza kuwa chombo, ikaishi bwawani chini ya paa la makuti, ikiguswa na maji mara kwa mara. Au inaweza kuwa kitu cha kutazamwa, ikae kavu, kivulini, hewa ikipita chini yake, mianya yake wazi vilevile bila kuzibwa. Kuwa vyote viwili haiwezi. Binti anaposema isiguswe, huenda ana sababu zake za moyo, lakini ki-mbao yuko sahihi kuliko klabu nzima.

Ile picha ya nne ni ya kana, mkono wa usukani. Karibu na ncha, upana wa viganja viwili, mti umekuwa mweusi na laini kama kokwa la tende, na upande wa chini kuna kibonyeo cha kidole gumba. Hakuna patasi iliyofanya vile. Ni mkono wa mtu mmoja, chumvi, mafuta na jasho, kwa miaka. Mtu akiipitishia msasa, hata ile namba laini kabisa, kazi ya miaka hiyo yote imekwisha kwa dakika moja. Nawasihi: msasa usisogee kwenye kana, wala kwenye ule ukingo wa kulia uliolika pale demani ilipokuwa ikipita. Msizifungue pia kamba zake. Katika picha ya tano kuna fundo kwenye foromali, mti unaobeba tanga, ambalo bado limekaza. Lipigeni picha, mlichore, vijana walijifunze, lakini liacheni.

Ningekuwa na kura klabuni, ningeiacha mashua Moshi, kavu. Bandueni lile bati lenye tundu, ezekeni upya, na banda lipandishwe hadi hewa ipite juu. Siku ya kumbukumbu azimeni mashua nzima ya wavuvi pale bwawani, kubwa kiasi hicho hicho, mvue kana yake na mtie ya Babu. Atakayeishika atakuwa ameweka kiganja pale kilipokaa cha mzee. Wajukuu nao waishike kwa zamu. Kibao cha jina kipigilieni kwenye nguzo ya banda, si kwenye mashua, na kwa skrubu za shaba. Chuma kwenye mbao hizo huacha machozi meusi. Maneno yawe machache: jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na alikotoka.

Mkiamua vinginevyo, yaani itoke yenyewe, nitawaelewa, lakini kwa sharti kwamba ikishaingia majini isirudi mjini. Tafuteni kwanza mtu wa kuilinda bwawani, mwenye kulipwa, na paa. Ibebwe kwa kenta usiku au alfajiri, imefunikwa turubai lililoloweshwa, maana upepo wa barabarani kwa saa mbili huirudisha nyuma kazi ya wiki. Chini ya mkuku wekeni matairi makuukuu, na mikanda ya kufungia ipite juu ya magunia. Nendeni siku moja kabla mkaione njia ya kushushia, kwani mwezi wa kumi maji yanaweza kuwa yamerudi nyuma mkakuta tope refu. Ikishashuka iacheni imefungwa majini usiku kucha, mtu akifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kwa zamu. Itavuja saa za mwanzo, hilo ni la kawaida. Kama asubuhi bado mnafua zaidi ya ndoo mbili kwa saa, hakuna safari. Watu wanne wasizidi, wote na majaketi okozi, na madumu manane matupu ya lita 20 yaliyofungwa imara chini ya mabenchi, ambayo yataelea na karibu kilo 160. Kaeni mbali na ukuta wa bwawa na mlango wa maji ya mitambo ya umeme, na kuhusu viboko na mamba sikilizeni wavuvi wa upande huo, si ramani. Msitishwe na kuiona imezama chini kidogo kuliko mlivyozoea kusikia akisimulia. Maji baridi hubeba mzigo pungufu ya bahari kwa asilimia 2 na nusu hivi. Mashua na watu wakiwa kilo 700, ni kama mmempakia mtoto wa miaka minne asiyekuwepo.

Tanga kwa vyovyote vile msilitweke kabla ya kulijaribu. Ni la marekani, kitambaa cha pamba, na limekunjwa miaka minne. Lishikeni penye mkunjo kwa vidole viwili vya kila mkono, mvute kwa nguvu ya kuchana gazeti. Likiachia, halihimili upepo wa mchana wa bwawani, na litachanika mbele ya familia. Hapo litandikwe ukutani siku hiyo, mbali na jua.

Kuna mambo ambayo picha hazinitoshi, na msiyafanye kwa maelezo ya maandishi. Bisibisi ikizama kwenye mkuku, ubao wa nyuma ukicheza usukani unaposhikwa, au vichwa vya misumari vikibaki mkononi mnapovigusa, mleteni fundi wa mashua kutoka Tanga au Pangani aione kwa macho. Nauli ya basi na posho ya siku mbili ni ndogo kuliko gharama ya kukosea. Mtamjua fundi kwa swali lake la kwanza: atauliza imekauka muda gani kabla ya kuuliza mna hela kiasi gani, na atalala chini kuutazama mkuku. Kama mtaitumia mashua kubeba watu mara kwa mara, ulizeni pia ofisi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kuhusu ukaguzi.

Na jambo moja dogo ambalo likisahaulika litawaaibisha siku yenyewe: pimeni tundu la usukani wa mashua mtakayoazima. Kana ya Babu, kwa picha ninavyoiona, ina ncha ya mraba. Tundu la wavuvi likiwa la duara au dogo, msiichonge kana. Chongeni kipande cha mti wa kuunganisha, upande mmoja mraba, upande wa pili duara, na mkijaribu wiki mbili kabla.